CPR ya Msee Mzima, Mtoi na Beibi: Spidi Ni Moja, Mikono Ndo Inabadilika

Kama ulikuwa umecheki Denmark na Finland tarehe 12 Juni 2021, mechi ya Euro kule Copenhagen, unakumbuka vile Christian Eriksen alianguka bila kuguswa na mtu. Moyo ulikuwa umesimama. Alibondwa kifua hapo hapo kwa nyasi, akapigwa shoti na mashine ya AED, na mwaka uliofuata akasainiwa na Manchester United. Hiyo kubonda kifua ndo CPR, na si lazima uwe daktari.

Ju moyo ukisimama, ubongo unaanza kuharibika ndani ya dakika 4 hadi 6 hivi. Ambulensi bado iko kwa jam Mombasa Road. Kwa hiyo ni wewe.

Kwanza mgonge bega, mwite kwa sauti. Hajibu? Angalia kifua kama kinapanda, sekunde zisizidi 10. Hapa ndo wasee hukosea: mtu anaweza kuwa anakoroma, ama anavuta hewa moja moja kama samaki ametolewa majini, na umati unasema "ako sawa, anapumua." Hapana, hiyo si kupumua. Anza. Mwonyeshe mtu mmoja kidole: "Wewe wa shati nyekundu, piga 999 ama 112." Red Cross wako kwa 1199. Ukisema tu "mtu apige simu," kila mtu anangoja mwenzake, na wengine washaanza kurekodi. Na ile stori ya kummwagia maji, wachaneni nayo.

Mtu mzima mlaze chali kwa sakafu, si kwa kochi. Weka kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, mikono wima, ubonde na uzito wa mwili. Kifua kishuke sentimita 5, kisipite 6, halafu ukiache kirudi juu chote. Spidi ni mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ile ngoma ya Bee Gees, "Stayin' Alive", iko hapo kwa 103. Ukisikia mbavu imelia, noma, lakini endelea. Mbavu hupona.

Baada ya 30, mpe pumzi 2: kichwa nyuma, kidevu juu, ziba pua, puliza sekunde moja mpaka kifua kipande. Kama hujui ama unaogopa mdomo wa msee humjui, bonda tu bila kusimama. Mko wawili? Badilishaneni kila dakika 2, ju hiyo kazi inachosha vibaya.

Mtoi wa kuanzia mwaka mmoja hadi abalehe, mkono mmoja unaweza tosha. Shuka thuluthi ya kifua, kama sentimita 5. Lakini kwake usiruke pumzi. Moyo wa mtoi mara mingi husimama ju hewa ilikatika kwanza: amekabwa na chakula, amezama, mapafu ni magonjwa. Uko solo na huna simu? Fanya CPR dakika 2 kabla ukimbie kutafuta msaada.

Beibi wa chini ya mwaka usimtikise hata kidogo. Gonga nyayo. Shika kifua na mikono yote miwili, vidole gumba vikutane kwa mfupa wa katikati, chini kidogo ya mstari wa chuchu, ushuke sentimita 4. Mikono isipozunguka, tumia kiganja kimoja. Ile ya vidole viwili wengi walifunzwa, American Heart Association waliitoa 2025. Kichwa kikae sawa, kisirudi nyuma sana. Mdomo wako ufunike mdomo na pua yake, upulize hewa ya mashavu tu.

Aliyezama majini, awe mzae ama mtoi, anza na pumzi.

Unaacha akianza kupumua, wataalam wakifika, ama nguvu zikiisha kabisa. Kujaribu mikono yako kwa mdoli kabla ya siku hiyo, Kenya Red Cross na St John Ambulance hufunza.