Tulikotoka: Kwaya Yetu na Ubao wa Kenyatta Market



Orodha ya viongozi, ziara na nyimbo tulizorekodi imo kwingine katika kijitabu hiki. Hapa tumeombwa tuandike yale yasiyoingia katika kumbukumbu za mikutano: tulikula nini, tulivaa nini, na ni nini kilichoturudisha mazoezini kila Jumamosi tulipokuwa vijana.

Tulianza mwaka 2000. Wanaoukumbuka mwaka huo wanakumbuka ukame, mabwawa ya Mto Tana yaliyopungua maji, na mgao wa stima. Mazoezi ya kwanza tuliyafanya kwa mishumaa na taa za mafuta. Hatukuwa na kinanda. Mwalimu alitoa sauti kwa mdomo, ya kwanza hadi ya nne, na mmoja wetu alileta redio ya kaseti ili tujisikilize. Betri zilipokaribia kwisha, wimbo ulivutika kama mlevi anayepanda mlima, nasi tukacheka hadi mazoezi yakaharibika.

Wengi wetu tulikuwa vyuoni au tukitafuta kazi. Pesa hazikuwepo, lakini Kenyatta Market ilikuwa jirani. Kwa wageni wetu, hili ni soko lililo karibu na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Golf Course, Ngumo na Kibera, na sifa yake kubwa ni mambo mawili: wasusi na nyama choma.

Wasusi waliwafaa dada zetu. Pale wasusi wawili au watatu hushika kichwa kimoja kwa pamoja, kwa hiyo aliyeketi asubuhi aliwahi mazoezi ya saa kumi. Kabla hatujapata majoho, sare yetu ya Pasaka ilikuwa blauzi nyeupe na mtindo mmoja wa nywele.

Nyama ilitufaa sote. Baada ya mazoezi tulichanga sarafu za kumi na za ishirini, tukanunua nusu kilo. Ililetwa kwenye ubao, imekatwakatwa, chumvi pembeni, na ugali na kachumbari kando yake. Kila mtu alipata vipande viwili, vitatu akiwa na bahati. Aliyemaliza nauli alirudi nyumbani kwa miguu, lakini hakutembea peke yake.

Kisha ukaja uchaguzi wa Desemba 2007. Kwaya yetu ilikuwa na watu wa makabila mengi, na baadhi yetu waliishi Kibera, ambako hata reli iling'olewa. Mazoezi yalisimama. Wapo waliohama nyumba zao usiku.

Tulirudi baada ya mkataba wa tarehe 28 Februari 2008 kutiwa sahihi. Viti vingi vilikuwa vitupu. Watu waliozoea kushika kitabu kimoja cha nyimbo hawakutazamana. Mwalimu alianzisha wimbo mara mbili, na mara zote mbili ukafa katikati. Mzee mmoja wa besi akaomba kwa maneno machache, akasema twende sokoni, nyama ni yake.

Tulikuwa kumi na wanne. Aliagiza ubao mmoja, na mchomaji alipotaka kutugawia mbao mbili, mzee akakataa katakata. Ili ufikie nyama ilibidi uiname begani kwa mtu uliyekuwa ukimkwepa. Hakuna aliyehutubu. Baada ya muda mtu mmoja alisema, "Nisogezee chumvi," na akasogezewa.

Hatusemi kwamba nyama ilileta amani. Wapo waliopoteza vitu ambavyo hakuna mlo unaoweza kuvirudisha, na wenzetu wawili hawakurejea kamwe. Lakini Jumamosi iliyofuata wimbo ule uliimbwa hadi mwisho.

Leo sisi ni wazazi. Wengine wetu tuna presha na tumekatazwa chumvi. Watoto wetu wanaimba sauti ya tatu. Noti za nyimbo tunatumiana kwa simu, na mchango unaingia kwa M-Pesa kabla hujafika mazoezini. Haya yote ni baraka. Ila tumeona pia kwamba mazoezi yakiisha kila mtu anashika njia yake, na kwamba vijana wetu wengine hawajui majina ya wanaoimba nyuma yao. Mwaka 2008 ungetukuta hivyo, sijui nani angemwalika nani.

Kwa hiyo kamati imekubaliana: kuanzia jubilei hii, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi tutafunga mazoezi nusu saa mapema, twende tukale pamoja. Kijana asiye na kitu aje hivyo hivyo, kama tulivyokuja sisi.

Mzee yule wa besi amekwisha kulala katika Bwana. Tunamshukuru Mungu kwa maisha yake. Tunawashukuru pia wachomaji na wasusi wa Kenyatta Market waliotukopesha tukiwa hatuna, na ninyi waumini mliotuvumilia tulipokosea sauti.



Katibu, kwa niaba ya kwaya