Daraja la Futi 11 na Inchi 8

Daraja la reli linalovuka Mtaa wa Gregson mjini Durham, katika jimbo la North Carolina nchini Marekani, lilijengwa mwaka 1940. Kutoka kwenye lami hadi chini ya daraja palikuwa na futi 11 na inchi 8, yaani takriban mita 3.56. Malori ya enzi hizo yalikuwa mafupi, na hapakuwa na kanuni iliyomlazimisha mjenzi kuacha nafasi kubwa zaidi. Kanuni zilikuja baadaye, zikitaka madaraja mapya ya mjini yaachiwe futi 14, lakini hazikugusa yale yaliyokwisha kujengwa. Malori yakarefuka, daraja likabaki vilevile, na kwa karibu miaka 80 likawa linachuna mapaa ya magari.

Reli yenyewe ni ya zamani kuliko mji. Kampuni ya North Carolina Railroad ilipewa kibali mwaka 1849, na daktari Bartlett Durham akatoa kipande cha ardhi yake kwa ajili ya kituo cha treni. Mji uliokua kando ya kituo hicho ukachukua jina lake, kisha ukatajirika kwa tumbaku. Maghala ya matofali mekundu yaliyohifadhi tumbaku hiyo bado yamesimama hatua chache kutoka darajani, ingawa siku hizi yana maduka na mikahawa.

Mtaa wa Gregson ni wa upande mmoja: magari yote hushuka kuelekea kusini, mwendo usiozidi kilomita 40 kwa saa. Lori refu likifika, halikutani kwanza na daraja. Hukutana na boriti nene ya chuma ambayo watu wa reli waliisimamisha mbele ya daraja ili ipokee kishindo. Ukingo wa juu wa boksi la lori hujikita kwenye chuma, injini inaendelea kusukuma, na bati la paa huanza kujikunja kuelekea nyuma hadi lianguke barabarani likiwa limeviringika. Nyumba za magurudumu, zile ambazo Wamarekani husafiri nazo likizoni, huacha viyoyozi vyao vya paani vikibingirika kwenye lami. Wenyeji waliliita daraja hilo Kifungua Kopo.

Watu wa nje waliuliza swali lilelile miaka nenda rudi: kwa nini halitengenezwi? Hapo ndipo mvutano ulipo, na historia ya daraja hili kwa sehemu kubwa ni historia ya mvutano huo. Barabara iko chini ya uangalizi wa serikali za mji na jimbo. Reli na daraja ni mali ya North Carolina Railroad, ambayo tangu 1998 inamilikiwa yote na serikali ya jimbo. Treni zinazopita juu, za mizigo, zinaendeshwa na kampuni nyingine, Norfolk Southern, na treni za abiria zinaendeshwa na Amtrak. Kila mmoja alikuwa na jibu, na kila jibu lilikuwa la kweli. Barabara haikuweza kuchimbwa ishuke kwa sababu bomba kuu la majitaka limepita chini yake, karibu kabisa na lami. Reli haikuweza kupandishwa kwa urahisi kwa sababu treni ya mizigo haipandi mwinuko wa ghafla. Ukiinua daraja moja ni lazima uinue tuta kwa umbali mrefu pande zote mbili, pamoja na mahali ambapo mitaa ya jirani inaikata reli kwenye usawa mmoja. Nayo malori yasingeweza kuzuiwa mtaani kabisa, kwa sababu mengi hupeleka bidhaa kwenye mikahawa iliyo kabla ya daraja.

Kwa hiyo kila upande ulilinda kilicho chake. Mji uliweka vibao vya kimo kuanzia makutano kadhaa kabla ya daraja, ukaongeza taa za njano zinazomweka kila lori refu linapohisiwa na mitambo. Wenye reli waliweka boriti. Wajibu wao ulikuwa treni, na kwa upande huo boriti ilifanya kazi yake vizuri: daraja likigongwa moja kwa moja, mataruma yanaweza kusogea na treni ikatoka njiani. Lakini dereva hakupata kinga yoyote kutoka kwa boriti. Ilihamisha tu mahali pa ajali, mita chache mbele.

Jambo hili lingebaki la mtaa mmoja kama si Jürgen Henn, aliyefanya kazi katika ofisi inayotazamana na daraja. Alikuwa amesikia vishindo mara nyingi mno. Mwezi Aprili 2008 akafunga kamera ya kurekodi barabara, akaanza kuweka video kwenye tovuti aliyoipa jina la kimo cha daraja. Ajali zilitokea kwa wastani wa karibu moja kila mwezi, na mkusanyiko wake ukapita 100. Mamilioni ya watu duniani walizitazama, wengi wao wakicheka. Kicheko hicho hakikuwatendea haki waliokuwa ndani ya magari, ila kumbukumbu iliyopatikana ina thamani kubwa: kabla ya kamera, kila ajali ilikuwa uzembe wa dereva mmoja, baada yake, ulionekana mtindo unaojirudia.

Mtindo huo ulionyesha kwamba wengi hawakuwa madereva wa malori kwa kazi. Walikuwa watu waliokodi lori la boksi ili kuhama nyumba. Sheria za Marekani zinamruhusu mwenye leseni ya gari dogo kuendesha lori lenye uzito wa hadi karibu tani 12 pamoja na mzigo. Mtu aliyezoea gari lisilomfika kidevuni anapewa chombo kinachokaribia mita nne, na kimo chake kimeandikwa kwenye kibandiko ambacho huenda hajawahi kukisoma. Kibao cha barabarani kinamweleza kimo cha daraja, lakini kibao hicho hakimsaidii asiyejua kimo cha gari lake. Lawama ya kwamba madereva ni wajinga ni nyepesi mno kwa tatizo hili.

Na si kila daraja fupi huishia kwenye bati lililochunwa. Mwezi Septemba 2010, huko Salina, jimbo la New York, basi la ghorofa lilijipigiza kwenye daraja la reli lenye futi 10 na inchi 9, na abiria wanne wakafa.

Mwaka 2016 Durham ilijaribu njia ya tatu. Kwenye makutano yaliyo mara tu kabla ya daraja iliwekwa taa ya kuongozea magari iliyounganishwa na kihisi. Lori refu likipita, taa hugeuka nyekundu na bango la umeme humwambia dereva kwamba gari limezidi kimo na ni lazima apinde kona. Iliwapa madereva muda wa kusoma. Wengine walipinda. Wengine waliongeza mwendo ili wawahi kabla taa haijawa nyekundu, na ajali zikaendelea mwaka huohuo.

Hatimaye, mwishoni mwa Oktoba 2019, North Carolina Railroad ililiinua daraja. Kazi iligharimu kama dola 500,000: reli iliinuliwa pande zote mbili kwa mwinuko mpole, na kimo kikafika futi 12 na inchi 4, takriban mita 3.76. Inchi 8 ndizo zilizowezekana bila kuvuruga mitaa ya jirani. Kabla Novemba haijaisha, lori la kwanza likakwaruza paa.

Ajali zimepungua, hazikuisha. Sheria ya jimbo inaruhusu malori ya hadi futi 13 na inchi 6, karibu mita 4.11, kwa hiyo daraja bado limepungua kwa sentimita 35 kwa lori lililo halali kabisa barabarani. Boriti ya chuma nayo iliinuliwa pamoja na daraja, na taa ya makutano bado inafanya kazi.