Si Kila Ndege Ana Samaki Chini Yake: Wavuvi na Ndege wa Maziwa ya Singida

Nahodha wa ngalawa akiona ndege wamerundikana juu ya maji hangoji kuambiwa. Hugeuza omo, huteremsha mshipi wenye chambo cha manyoya, kisha huanza kurambaza pembezoni mwa kundi, asilipitie katikati na kulivuruga. Chini ya ndege wale pana samaki wadogo, simu au dagaa, waliobanwa. Jodari na samaki wengine wakubwa wanawasukuma kutoka chini, membe na shakwe wanawapokea juu, na vurugu lote hilo linaonekana kwa umbali ambao samaki mwenyewe asingeonekana kamwe. Wavuvi wa Unguja, Mafia na Kilwa wamelelewa na elimu hiyo. Kusini mashariki mwa Unguja kiko kisiwa tambarare kisicho na mti, Fungu Kizimkazi, ambacho ramani za Waingereza zilikiita Latham. Wenyeji wake ni ndege wa baharini wanaotaga pale kwa maelfu, na mvuvi anayejua alipo ndege wa namna hiyo hahangaiki kutafuta jodari.

Singida iko zaidi ya kilomita 400 kutoka bahari hiyo. Hata hivyo mji wetu umekaa kati ya maziwa mawili, Singidani na Kindai, na ndege juu ya maji si wageni kwetu. Mtu wa Pwani akifika hapa kwa mara ya kwanza msimu wa heroe, ambao wengi tunawaita flamingo kama walivyoitwa na watalii, ataona ziwa limegeuka rangi ya waridi akadhani amefika peponi pa wavuvi. Akitupa nyavu hapo atarudi na magadi.

Heroe hali samaki. Heroe mdogo huchuja kwa mdomo wake vijimea vya kijani visivyoonekana kwa jicho, vinavyostawi kwenye maji ya magadi makali. Mkubwa huongezea vijidudu vya matopeni. Maji yakifikia ukali anaoupenda heroe, samaki wengi hawayawezi tena. Ndiyo maana mazalia makuu ya heroe mdogo wa Afrika Mashariki yako Ziwa Natron, mahali ambapo hakuna anayekwenda na mtumbwi. Baharini wingi wa ndege ni habari njema. Huku bara ni lazima kwanza uulize ni ndege gani.

Sababu iko kwenye mkondo wa maji. Singidani halina mto unaotoka. Kila tone linaloingia linaondoka kwa jua tu, likiacha chumvi nyuma, kwa hiyo mvua nyingi hulilegeza ziwa na ukame huliongezea ukali. Kaskazini magharibi, Iramba, mambo ni mengine. Maji ya mto Wembere huingia Ziwa Kitangiri, hutoka kwa mto Sibiti, na mto huo huyabeba mpaka Ziwa Eyasi, ambako ndiko mwisho wa safari. Kitangiri, kwa kuwa lina mlango wa kutokea, hubaki na maji laini kiasi na humpa mtu kambare na perege. Eyasi, kwa kuwa halina, hurithi chumvi yote. Maziwa hayo yamo katika bonde moja na yanapokezana maji yaleyale, na bado ndege wake hawafanani.

Kati ya hali hizo mbili anaishi samaki mmoja ambaye watu wa Singida wangepaswa kujivunia. Ni perege wa maziwa ya magadi, ambaye wataalamu humwita Oreochromis amphimelas. Mjerumani Hilgendorf ndiye aliyempa jina hilo, katika maandishi yaliyotoka mwaka 1905, kwa samaki wa Ziwa Manyara. Makao yake ya asili ni Manyara, Eyasi, Kitangiri, Singidani na maji machache ya jirani, yote nchini Tanzania. Huvumilia chumvi ambayo ingemuua sato wa Mwanza. Hana umbo kubwa, na sokoni hatishi. Ila bila yeye Singidani lingekuwa la heroe peke yao.

Penye perege huyo ndipo anapokuja ndege ambaye mvuvi wa bara anatakiwa kumtazama: mwari. Simama ukingoni asubuhi kabla upepo haujaamka. Mwari weupe hawavui kila mmoja kivyake. Wanajipanga kumi, kumi na wawili, wanaogelea taratibu wakiwa wamefanya mstari uliopinda kama kwato ya farasi, uwazi ukielekea maji mafupi. Mstari unabana. Ghafla midomo yote inazama kwa pamoja, mikia inabaki juu, kisha vichwa vinainuka na mifuko ya shingo inachuruzika maji. Wanasogea hatua chache, wanaanza tena. Aliyewahi kuona watu wakivuta kokoro hatahitaji maelezo, kwa kuwa ni kazi ileile: unazungusha, unabana, unakomba. Kokoro sheria yetu ya uvuvi imelipiga marufuku, lakini mwari bado hawajakamatwa.

Nyuma ya mwari huja mnandi, mweusi, anayezama na kumfukuza samaki chini kwa chini, akishashiba anatanua mabawa juani kama mtu aliyeanika koti. Mtumbwi ukielekea walipo hao wawili unakwenda kwenye samaki. Ukielekea walipo heroe unakwenda kutalii.

Kwamba ndege humfuata samaki, wala si kinyume chake, Nakuru iliwahi kuonyesha waziwazi. Ziwa lile la Kenya lilikuwa la heroe. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 lilipandikizwa perege wadogo kutoka Ziwa Magadi ili wale viluwiluwi vya mbu. Perege waliongezeka, na mwari wakaja kwa maelfu, ingawa iliwabidi watage Ziwa Elmenteita na kuruka kila siku kwenda kula Nakuru.

Je, wazee wetu waliwasoma ndege hawa? Swali hilo historia iliyoandikwa haikulijali. Wanyaturu na Wanyiramba walikuwa watu wa uwele, mtama na ng'ombe. Jirani zao Wabarbaig na Wataturu, kama wafugaji wengi wa ukanda huu, samaki kwa desturi hawakumhesabu kuwa chakula. Uvuvi ulikuwa kazi ya waliokaa karibu na maji na ya wageni waliofuata maji. Juu ya bonde la Wembere, Sekenke, Wajerumani walichimba dhahabu, na mwaka 1916, wakiwa wamezingirwa na vita, waliitumia kufua Tabora zile sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Sarafu hiyo kila mkusanyaji duniani anaijua. Mtumbwi wa Kitangiri, ulioelea katika bonde lilelile, haujapata msimulizi.

Na bado, kama kuna mkoa wenye haki ya kuzungumzia urafiki wa mtu na ndege, ni huu wetu. Mkalama, upande wa Munguli, wanaishi Wahadzabe, ambao humfuata yule ndege mdogo anayeonyesha mizinga ya nyuki. Mtu hupiga mluzi, ndege huitikia na kutangulia mti hadi mti, mtu huchukua asali, ndege huitafuta nta iliyosalia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria kwamba ndege huyo huwaongezea Wahadzabe kasi ya kupata mizinga kwa asilimia 560. Mwingine, wa mwaka 2023, ulionyesha kwamba ndege wa huku huitikia mluzi wa Kihadza zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Wayao wa Msumbiji. Hapo pana mazungumzo ya pande mbili. Membe wa baharini hajui kama nahodha yupo, na mwari wa Singidani angependa nahodha asiwepo.

Kwa mvuvi baadaye ilikuja taa, na mengi yakabadilika. Dagaa wanaouzwa leo katika soko la Singida, waliokuja kwa lori kutoka Mwanza, hawakutafutwa kwa ndege. Walivutwa usiku wa giza la mwezi kwa karabai, na siku hizi kwa taa za sola. Mvuvi wa dagaa hangoji samaki wakusanywe na adui zao, huwakusanya mwenyewe kwa mwanga, saa ambayo ndege wamelala. Baharini mambo yamekwenda mbali zaidi. Meli kubwa za jodari zinazozunguka Bahari ya Hindi zina rada maalumu ya kutambua makundi ya ndege maili nyingi kabla jicho halijayaona. Elimu ni ileile ya ngalawa, isipokuwa sasa inasomwa kwenye kioo, na wavu unaofuata hulizungusha kundi zima.

Mwaka 2002, watafiti wa ndege Neil na Elizabeth Baker walipochapisha orodha yao ya kwanza ya maeneo muhimu ya ndege Tanzania, maziwa ya Singida na Kitangiri yalikuwamo. Kwa hiyo ndege wetu wamekwishahesabiwa. Elimu ya wavuvi juu ya ndege hao bado, na inakaa katika vichwa vya watu ambao hawazidi kuwa vijana. Msomaji mwenye babu aliyewahi kuvua Kitangiri au Singidani, muulize mambo mawili kisha uyaandike: mnandi alimwitaje kwa Kinyiramba au Kinyaturu, na alipomwona alimfuata au alimfukuza?