Kuona Ndani ya Fuvu

Tangu zama za kale binadamu amekuwa na hamu ya kujua yaliyomo mwilini mwake bila ya kuupasua. Katika viungo vyote, kichwa ndicho kilichoficha siri zake kwa muda mrefu zaidi. Tumbo hubonyezwa, kifua husikilizwa, mapigo ya moyo huhesabiwa kwa vidole. Lakini ubongo umefungiwa ndani ya fuvu kama hazina ndani ya kasha. Katika insha hii nataka kueleza jinsi kasha hilo lilivyopata kufunguliwa kwa macho kabla ya kufunguliwa kwa kisu, na kwa nini habari hiyo inamhusu mtu wa Lindi.

Lindi ninayoitaja si mji wa pwani ya Tanzania, bali ni kijiji kimoja cha Kibera, katika jiji la Nairobi. Kibera ilianza mwanzoni mwa karne ya 20, wakati askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles walipopewa mahali pa kukaa. Na neno kibra katika lugha yao maana yake ni msitu. Leo msitu haupo. Pana nyumba za udongo na mabati zilizobanana, na vichochoro visivyopitika kwa gari. Mtu akianguka kutoka juu ya jengo analolijenga, au akigongwa na pikipiki, hubebwa na wenzake mpaka barabarani, ndipo apatikane chombo cha kumpeleka Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, ambayo haiko mbali. Huenda njiani akawa anasema na kucheka. Lakini damu huweza kuvuja polepole kati ya fuvu na ubongo, na baada ya saa chache mtu huyo akalala usingizi usioamshika. Kwa nje majeruhi wawili hufanana: mmoja ana uvimbe wa ngozi tu, mwingine amebeba mauti kichwani. Nani atawatofautisha?

Jibu la kwanza lilitoka Ujerumani. Tarehe 8 Novemba 1895, katika mji wa Würzburg, Wilhelm Röntgen aligundua miali isiyoonekana kwa macho, inayopenya nyama lakini huzuiliwa na mfupa. Kabla ya mwaka huo kwisha alikuwa amepiga picha ya mkono wa mkewe, na mifupa yake na pete yake vikaonekana wazi. Habari zilienea upesi. Mwaka 1898, katika vita vya Sudan, tabibu mmoja wa jeshi la Waingereza alipeleka mtambo wa eksirei kando ya mto Nile kutafuta risasi miilini mwa majeruhi. Umeme aliupata kwa kuendesha baiskeli, na kwa sababu ya joto kali vyombo vyake alivifunika kwa nguo nzito iliyoloweshwa maji daima.

Lakini eksirei ilipofika kichwani iligonga mwamba. Iliweza kuonyesha ufa wa fuvu au risasi iliyokwama. Haikuweza kuonyesha ubongo wenyewe, kwa kuwa ubongo, damu na uvimbe vyote ni laini, na kivuli chao karibu ni kimoja. Mwaka 1918 Walter Dandy, mpasuaji wa Baltimore, Marekani, alijaribu hila mpya. Ndani ya ubongo mna matundu yenye maji. Dandy aliyatoa maji hayo akatia hewa, na hewa ikaonekana katika picha. Tundu likiwa limesukumwa upande, tabibu alijua kuwa pana kitu kinachosukuma. Mwaka 1927 Egas Moniz, huko Lisbon, alitia dawa katika mishipa ya damu ya shingo ili mishipa ya ubongo ionekane. Njia hizo ziliokoa watu, lakini zilikuwa na maumivu na hatari zake. Mgonjwa aliteswa ili ugonjwa wake upate kujulikana.

Hapa, msomaji, Afrika inaingia katika hadithi. Allan Cormack alizaliwa Johannesburg mwaka 1924, akawa mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwaka 1956 aliombwa kusaidia kwa muda katika Hospitali ya Groote Schuur. Huko alijiuliza swali moja: ikiwa miali itapitishwa mwilini kutoka pande nyingi, je, hesabu haiwezi kueleza kilichomo katika kila nukta ya ndani? Aliitafuta hesabu hiyo akaipata, akaichapisha mwaka 1963 na 1964. Karibu hakuna aliyemjali. Mmoja wa wachache walioomba nakala alikuwa kituo cha Uswisi kilichochunguza maporomoko ya theluji!

Wakati huo huo, Godfrey Hounsfield wa Uingereza, bila ya kujua kazi ya Cormack, aliunda mashine yenyewe. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika Hospitali ya Atkinson Morley jijini London, mwanamke mmoja aliyeshukiwa kuwa na uvimbe kichwani alilazwa ndani yake. Kompyuta ilikusanya vipimo vya pande zote ikachora ubongo vipande vipande, kama mkate uliokatwa. Uvimbe ulionekana, na wapasuaji waliukuta mahali pale pale. Mwaka 1979 Cormack na Hounsfield walipewa pamoja Tuzo ya Nobel. Baadaye ikaja mashine ya sumaku, isiyotumia miali ya eksirei kabisa, ambayo Paul Lauterbur na Peter Mansfield walituzwa kwa ajili yake mwaka 2003. Na kwa uvimbe wa shingo ikatumika mashine ya mawimbi ya sauti, iliyo nyepesi na yenye gharama ndogo zaidi.

Basi, je, swali letu la majeruhi wawili limekwisha? Katika picha ya kompyuta, damu mbichi iliyovuja huonekana nyeupe kando ya ubongo, na hata mwanafunzi huweza kuonyeshwa akaiona. Lakini mashine haitembei yenyewe mpaka kichochoroni. Mwaka 2015 Serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kukodi vifaa vya tiba, vikiwemo vya picha, kwa hospitali 98 katika kaunti zote 47. Mwaka 2020 Seneti iliuchunguza mpango huo, na ikajulikana kuwa baadhi ya vifaa vilikaa bila kazi, kwa kukosa umeme, nyumba au wataalamu wa kuvitumia.

Liko pia fundisho la pili, ambalo ni chungu zaidi. Mwezi Februari 2018, katika Hospitali ya Kenyatta yenyewe, walilazwa wagonjwa wawili. Mmoja alikuwa na bonge la damu kichwani lililohitaji kutolewa. Mwingine alikuwa na uvimbe usiohitaji kupasuliwa. Vitambulisho vyao vilichanganywa, na asiyehitaji kisu ndiye aliyepasuliwa fuvu. Wapasuaji walitafuta bonge la damu kwa saa kadhaa, wasilione. Ndipo kosa lilipojulikana. Mashine haikukosea. Kilichokosewa ni kipande kidogo cha karatasi chenye jina la mtu.

Kwa hiyo tusidanganyike kwamba akili ya chuma imeuondoa wajibu wa binadamu. Röntgen aliutoa mwanga, Cormack akatoa hesabu, Hounsfield akatoa mashine. Lakini mkono unaoandika jina la mgonjwa, mguu unaomkimbiza kutoka Lindi, na akili inayoipima picha na kuamua, hivyo vingali ni vya watu. Huenda wewe usomaye maneno haya darasani ukawa mmoja wao siku moja. Siku hiyo ikifika, itazame picha kwa makini. Kisha mgeukie mgonjwa, umwulize jina lake.