Mguu Mmoja, Mikono Miwili: Ernest Jones na Hisi ya Mwili katika Gofu

Vitabu vya gofu vina tabia moja: vinaukatakata mwili. Kichwa kisitikisike. Mkono wa kushoto unyooke. Nyonga izunguke kabla ya bega. Msomaji akifika katikati ya kitabu ana maagizo ya kujaza gunia, ila mpira bado uko pale pale kwenye nyasi. Hebu tumtazame mtu aliyeupinga ufundishaji huo, tena kwa sababu zilizomfika mwilini.

Ernest Jones, Mwingereza, alikuwa mchezaji wa kulipwa na mwalimu katika klabu ya Chislehurst, karibu na London. Vita Kuu ya Kwanza ikamchukua, na mwaka 1916 akajeruhiwa huko Ufaransa. Akakatwa mguu wa kulia, chini ya goti. Kwa yeyote anayeujua mchezo huu, habari yake ilionekana imekwisha: mguu wa kulia ndio unaopokea uzito fimbo inapopanda, na ndio unaosukuma inaposhuka.

Mwaka huohuo Jones akarudi uwanjani, akacheza mashimo 18 kwa mguu mmoja. Mikwaju 83. Wapo wachezaji wengi wa ridhaa, miguu yote miwili mizima, ambao hawajawahi kuigusa namba hiyo.

Sasa swali linakuja: mguu haupo, nani basi aliyekuwa akiupanga mwili? Jibu la Jones lilikuwa mikono. Kupitia vidole alihisi kichwa cha fimbo kiko wapi, na viungo vilivyobaki vikajipanga vyenyewe kukifuata. Miaka 10 kabla ya jeraha lake, mwanasayansi Charles Sherrington alikuwa ameshaipa jina hisi hiyo ya ndani, ile inayotuwezesha kupeleka kijiko mdomoni gizani bila kukosea. Jones yeye akaigeuza somo.

Alihamia Marekani miaka ya 1920, na baadaye akafundisha New York, ndani ya jengo. Kifaa chake kilikuwa kisu cha kukunja kilichofungwa kwenye ncha ya leso. Ukikibembeza, leso inabaki imekaza. Ukilazimisha nguvu, inalegea papo hapo na kisu kinapoteza njia. Mwanafunzi hahitaji kuelezwa kosa lake, mkono unamwambia. Mmoja wa wanafunzi hao, Virginia Van Wie, alitwaa ubingwa wa Marekani wa wanawake wa ridhaa mara 3 mfululizo, 1932 hadi 1934.

Lakini tusimpe Jones ushindi wa bure. Yupo Ben Hogan. Mwaka 1949 gari lake liligongana uso kwa uso na basi huko Texas. Nyonga, mtulinga na kifundo cha mguu vikavunjika. Mwaka uliofuata akashinda US Open pale Merion. Na ni huyohuyo aliyetoa Five Lessons mwaka 1957, kitabu kinachoupitia mwili kiungo kwa kiungo, na ambacho wachezaji wanakisoma mpaka leo.

Je, wanapingana? Mimi naona wanatofautiana mahali pa kuanzia. Hogan alipiga mipira isiyohesabika, mwili ukajua, ndipo maneno yakafuata. Msomaji wake anaanza na maneno, akitumaini mwili utafuata. Ramani ya Hogan ni ya mtu aliyeitembea nchi kwa miguu yake; ukiishika mkononi haina maana kwamba umefika.

Jones naye hakuweza kuukwepa uandishi. Ila kitabu chake cha mwaka 1952 alikiita Swing the Clubhead, yaani bembeza kichwa cha fimbo. Somo zima liko kwenye jalada, na hakuna kiungo hata kimoja cha mwili kilichotajwa hapo.