Lucius, Kijana Mwenye Adabu: Uhuru wa Nani katika Julius Caesar?

Wasomaji wengi wa tamthilia ya Julius Caesar ya William Shakespeare huwakumbuka Brutus, Cassius, Antony na Caesar mwenyewe. Ni wachache wanaomkumbuka Lucius, kijana anayemtumikia Brutus. Katika insha hii ninahoji kwamba mhusika huyu mdogo, mpole na mwenye maneno machache, anatuachia swali ambalo wakubwa wa tamthilia hawajiulizi: uhuru wanaoupigania ni wa nani?

Tuanze na kazi zake. Katika tendo la pili, usiku wa kuamkia mauaji, Brutus anamwita Lucius aliyelala. Anaamka, anawasha taa chumbani, analeta karatasi aliyoiokota dirishani, anatazama kalenda ili kuhakikisha tarehe, kisha anawafungulia mlango wala njama waliojifunika nyuso. Karibu kila jibu lake linabeba neno la heshima kwa bwana wake. Njama inapopangwa, yeye amekwisha rudi usingizini. Mchana wake Portia, mke wa Brutus, anamhimiza akimbie Seneti bila kumwambia la kufanya huko, naye anauliza kwa upole aende kufanya nini. Mwisho tunamwona kambini karibu na Sardis. Anampigia bwana wake ala ya nyuzi hali macho yanamfumba, hadi analala ala ikiwa mkononi. Brutus anaiondoa taratibu isivunjike. Muda mfupi baadaye mzimu wa Caesar unatokea.

Kisanaa, kazi ya Lucius ni kumpamba Brutus. Adabu ya mtumishi inaitikiwa na huruma ya bwana, nasi tunaamini kwamba muuaji huyu ana moyo mwema. Shakespeare alifanya hivyo makusudi. Tamthilia hii ilichezwa London mwaka 1599, na chanzo chake kikuu ni maisha ya watu mashuhuri yaliyoandikwa na Plutarch, katika tafsiri ya Thomas North ya mwaka 1579. Kwa Plutarch hakuna Lucius. Mwandishi alimbuni.

Hapa ndipo mwanafunzi wa historia anapopaswa kusimama. Tamthilia haisemi hadhi ya Lucius, na hadhira ya London huenda ilimwona kama mtumishi tu wa nyumba ya kitajiri. Lakini katika Roma ya mwaka 44 KK, kijana wa kuwasha taa na kufungua mlango katika nyumba ya seneta kwa kawaida alikuwa mtumwa. Brutus alikuwa kijana wakati watumwa walipoasi wakiongozwa na Spartacus, kati ya mwaka 73 na 71 KK. Uasi ulipozimwa, watumwa 6,000 walisulubiwa kando ya barabara ya Appia, kutoka Capua hadi Roma. Utaratibu wa nyumba kama ya Brutus ulilindwa na kumbukumbu kama hiyo.

Ushahidi mwingine ni sarafu. Kati ya mwaka 43 na 42 KK Brutus alitoa sarafu ya fedha yenye sura yake upande mmoja. Upande wa pili kuna majambia mawili, na katikati yake kofia. Kofia hiyo, iliyoitwa pileus, ndiyo aliyovaa mtumwa alipoachwa huru. Maana yake ni kwamba waliomuua Caesar walijiona kama watumwa waliokombolewa. Mabwana wenye watumwa waliazima kofia ya mtumwa kuwa alama ya uhuru wao, na mwenye kofia akabaki kichwa wazi.

Tamthilia yenyewe inaupasua ukimya huu mara mbili. Katika onyesho lile lile la kambini, kabla Lucius hajapiga muziki, Brutus anagombana na Cassius na kumwambia akawatishe watumwa wake kwa hasira zake. Hivyo watumwa wapo, tena wanatetemeka. Kisha katika vita vya Filipi, Cassius anamwamuru mtumwa wake Pindarus amuue, na kwa tendo hilo anampa uhuru. Pindarus anaupokea kwa majonzi, kwa kuwa hakuutaka kwa njia hiyo, na anakimbilia mbali. Kwa Plutarch, Pindarus alikuwa amekwisha achwa huru kabla ya siku hiyo. Ni Shakespeare aliyemfanya bado mtumwa, na kwa badiliko hilo dogo akatuonyesha mtu mmoja tu ambaye vita hivi vilimpa uhuru halisi.

Kiswahili kinatusaidia kuliona jambo hili vizuri zaidi. Muungwana ni mtu mwenye adabu, lakini kwa asili ni mtu huru, kinyume cha mtumwa. Kwetu mashariki mwa Kongo, Kiswahili kiliwahi kuitwa Kingwana, lugha ya waungwana waliofuatana na misafara ya biashara katika karne ya 19. Wengi waliojiita hivyo walikuwa wenyewe watumwa au watu walioachwa huru. Walijua kwamba jina hilo lina uzito. Lucius ni muungwana kwa tabia, lakini lugha yetu inatulazimisha kuuliza kama ni muungwana kwa hadhi.

Wapo watakaosema kwamba ninambebesha mhusika mdogo mzigo usio wake. Nadhani hoja hiyo ina nguvu jukwaani kuliko katika historia. Mwalimu Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia hii mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya uhuru wa Tanganyika. Wasomaji wake wa kwanza waliishi katika nchi ambako mtu mzima mwenye wake na watoto alikuwa ameitwa “boi” jikoni mwa mzungu, na adabu yake ikasifiwa. Kwao, kijana anayeamshwa usiku kuwasha taa hakuwa pambo.

Katika tendo la tano Lucius haonekani tena, wala hatuambiwi yaliyompata. Mzimu unapoondoka, Brutus anamwamsha na kumuuliza kama ameona kitu. Anajibu kwa heshima ile ile kwamba hakuona chochote, na hayo ndiyo maneno yake ya mwisho.