Maji Katika Rejeta: Historia ya Desturi Moja ya Dar es Salaam

Motokaa ni chombo kiendacho kwa moto na kiishicho kwa maji. Joto linalozaliwa na petroli ndani ya silinda hugawanyika mafungu matatu yanayokaribiana: fungu moja husukuma gari, la pili hutoka pamoja na moshi, na la tatu hubaki katika mwili wa injini. Fungu hili la tatu lisipochukuliwa na maji na kupelekwa kwenye rejeta likapozwe na upepo, injini hufa kwa muda mfupi. Watu husifu mwendo wa gari na nguvu zake, wala hawayataji maji hayo mpaka siku gari litakapochemsha. Hata hivyo maji ya rejeta yana historia yake, na katika viunga vya Dar es Salaam, kuanzia Tandale na Mwananyamala upande wa Kinondoni hata Tandika na Mbagala upande wa Temeke, historia hiyo imeacha desturi ambayo yafaa kupimwa upya.

Karl Benz alipoonyesha motokaa yake ya magurudumu matatu huko Ujerumani mwaka 1886, maji ya injini yalichemka na kupaa kama mvuke wa birika, na dreva alilazimika kuongeza mengine njiani. Mwishoni mwa mwaka 1900 Wilhelm Maybach aliunda, kwa ajili ya gari la kwanza lililoitwa Mercedes, rejeta yenye vitundu vingi mfano wa sega la nyuki. Vitundu vile vilipitisha upepo mwingi karibu na maji machache, hata maji yale yale yakaweza kuzunguka siku nzima pasipo kwisha. Ford ya Model T, iliyotokea Marekani mwaka 1908, iliundwa kwa miaka mingi bila pampu ya maji: maji ya moto yalipanda yenyewe, na ya baridi yakashuka kushika mahali pake. Injini za siku hizo zilikuwa za chuma cha kusubu, kinene na kivumilivu. Kilipata kutu, lakini kutu ilihitaji miaka mingi kukimaliza.

Katika nchi za baridi maji yalikuwa na uadui mwingine. Usiku yaligeuka barafu, na kwa kuwa barafu hutaka nafasi kubwa kuliko maji, chuma kilipasuka. Dawa yake ilitokana na kimiminiko ambacho mwanakemia wa Ufaransa, Charles-Adolphe Wurtz, alikuwa amekitengeneza tangu mwaka 1856, nacho ni ethilini glaikoli. Katika miaka ya 1920 kimiminiko hicho kilianza kuuzwa Marekani kwa wenye magari, kikapewa jina la dawa ya kuzuia kuganda. Jina hilo ndilo lililopotosha mambo lilipofika pwani ya Afrika Mashariki. Mtu wa Temeke aliyeambiwa kwamba kopo lile ni dawa ya barafu alikuwa na haki ya kuuliza: barafu ipi? Barafu aliyoijua ni ya kilele cha Kilimanjaro na ya jokofu, wala hapana gari linalolazwa katika mojawapo.

Dawa ile, ambayo mafundi wa leo huiita kulanti, ina kazi nyingine mbili ambazo nchi za joto zinazihitaji zaidi. Kwanza, huchelewesha mchemko. Maji matupu huchemka kwenye nyuzi 100 za sentigredi katika usawa wa bahari. Yakichanganywa nusu kwa nusu na glaikoli huvuka nyuzi 105, na kifuniko cha rejeta kinachobana vema huongeza nyuzi nyingine zipatazo 20. Pili, hutiwa viungo vya kukinga metali zisiliwe. Kuganda ndiko kulikopewa jina. Kuchemka na kuliwa vikasahauliwa.

Hata hivyo haitakuwa haki kuwacheka waliotumia maji matupu. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru wao, na njia ya zamani ya kupeleka mafuta Zambia ikazibwa. Malori yakaanza kubeba mafuta kutoka bandari ya Dar es Salaam kwa barabara ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa bado ya udongo. Katika mlima wa Kitonga, mkoani Iringa, lori lenye shehena lilipanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, upepo ukiwa haba na moto ukiwa mwingi. Mbele zaidi, Mbeya, ambako nchi imeinuka mita zaidi ya 1,600 juu ya bahari, maji yaliyo wazi huchemka kabla ya kufika nyuzi 95. Katika safari ya namna hiyo debe la maji lilikuwa sehemu ya gari kama usukani, na taniboi mwenye kujua wapi pana kijito alikuwa na thamani kubwa. Injini ya chuma iliyameza maji ya kijito na kuendelea.

Miaka iliyofuata ilileta sababu kubwa zaidi, nayo ni uhaba. Bei ya mafuta ilipanda ulimwenguni mwaka 1973, kisha ikaja vita ya Kagera ya 1978 na 1979, na fedha za kigeni zikapungua hata kuagiza kipuri kidogo kukawa shida kubwa. Hapo ndipo ziliposhamiri gereji bubu, yaani gereji zisizo na kibao wala leseni, chini ya miembe na nyuma ya nyumba za uswahilini. Fundi wa mwembe aliziba tangi la petroli kwa sabuni ya mche, na alichonga kwa tupa kile ambacho dukani hakikuwapo. Thamostati, yaani kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto la nyuzi 80 na kitu, ilipokwama katika hali ya kufungwa, fundi aliitoa akaitupa. Alijua anachokifanya. Nyingine haikuwapo, na injini isiyopata joto kamili ni bora kuliko injini iliyoungua. Hukumu yake ilikuwa sahihi kwa chuma alichokuwa nacho na kwa nchi aliyokuwa akiishi.

Ila vitu vilibadilika, na hukumu ikabaki. Biashara ilipoanza kulegezwa katika miaka ya 1980, magari yaliyotumika Japani yakaingia kwa wingi, na katika miaka ya 1990 yakatawala barabara za jiji. Katika mengi ya magari hayo kichwa cha silinda ni cha alumini, metali nyepesi inayopitisha joto upesi lakini inayopinda ikichemka na kuliwa ikikosa kinga. Njia zake za maji ni nyembamba. Yaliwasili na kulanti ya kijani, nyekundu au waridi, na mara nyingi ikamwagwa kwenye matengenezo ya kwanza, mahali pake pakajazwa maji ya bomba. Thamostati nayo iliendelea kutolewa, sasa si kwa uhaba bali kwa mazoea, injini ikala petroli nyingi pasipo mwenyewe kujua kwa nini.

Nayo maji ya viungani si yale ya kijito cha Kitonga. Mitambo ya mto Ruvu, wa juu uliofunguliwa mwaka 1959 na wa chini mwaka 1976, haikuweza kwenda sambamba na kukua kwa jiji. Baada ya ukame wa mwaka 1997 visima vingi virefu vilichimbwa, na katika sehemu zilizo karibu na bahari maji yake yana chumvi. Mtu asiyeweza kuyanywa maji hayo huyatia katika injini bila kusita. Chumvi hula alumini, magamba huziba rejeta, na siku moja, katika foleni ya Barabara ya Kilwa wakati wa jua kali, gari huchemsha. Gasketi huungua, kichwa hupinda, na mwenye teksi hukosa riziki ya majuma kadhaa. Wenyeji wa jiji humwambia mtu aliyeshindwa kuwa amechemsha, na kila dreva huelewa uzito wa neno hilo.

Kazi ya kubadilisha kulanti nyumbani haina siri. Injini huachwa ipoe kabisa, kwa maana kifuniko kikifunguliwa kwa moto mvuke hubabua uso na mikono. Koki ya chini hufunguliwa juu ya beseni. Injini husafishwa kwa maji masafi mpaka yatoke yasiyo na rangi. Kisha hutiwa kulanti inayokubaliwa na mtengenezaji wa gari, iliyochanganywa na maji yaliyokenekwa. Rangi si ushahidi wa kutosha, kwani dawa mbili za rangi moja zaweza kutofautiana. Gari dogo huchukua lita 5 hadi 7 hivi. Mwisho injini huwashwa kifuniko kikiwa wazi ili hewa iliyonaswa itoke, na kiasi huongezwa hadi alama. Kwa magari yake mengi Toyota huagiza kulanti ya waridi ibadilishwe mara ya kwanza baada ya kilomita 160,000, kisha kila kilomita 80,000. Na magari mengi yanayoshushwa bandarini yamekwisha kuukaribia mpaka huo wa kwanza.

Jambo zito zaidi huja baada ya kazi. Beseni lile humwagwa wapi? Katika viwanja vya Kinondoni na Temeke jibu la kawaida ni mchangani, hatua chache kutoka kisima ambacho nyumba kadhaa hukitegemea. Ethilini glaikoli ni sumu yenye utamu. Mililita 100 hivi zaweza kumwua mtu mzima, na kiasi cha kumwua mtoto ni kidogo zaidi; tena mabaki yake huhifadhiwa katika chupa za soda, yakiwa na rangi ya sharubati. Fundi wa zamani aliyemwaga maji mchangani alirudisha maji mchangani. Anayemwaga kulanti leo anarudia tendo lile lile, na kumbe tendo limekwisha kuwa jingine. Mabaki hayo yanastahili chombo chenye kifuniko na maandishi, mbali na mkono wa mtoto, hadi yakabidhiwe kwa wanaokusanya taka za sumu.

Mafundi wa mwembe waliacha urithi mkubwa kuliko maji matupu na rejeta isiyo na thamostati. Walitazama chuma kilichokuwa mbele yao, wakauliza kinahitaji nini, wakatenda kwa kadiri ya uwezo wao. Anayefuata matendo yao bila kuuliza swali lao amechukua ganda la urithi na kuacha kokwa. Chuma kilichopo mbele ya fundi wa leo ni alumini, na kisima kipo hatua chache nyuma yake. Vyote viwili vyangoja aulize.